Kuchagua Kibodi ya MIDI kwa Studio ya Nyumbani Kilwa

Kibodi ya MIDI haina sauti yake. Ikichomekwa kwenye spika haitoi hata mlio mmoja. Kazi yake ni kupeleka taarifa kwenye kompyuta au simu: kibonyezo gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiwa lini. Sauti ya piano, ya fidla, ya ngoma au ya besi hutolewa na programu iliyomo ndani ya kompyuta. Mfumo huu ulionyeshwa hadharani Januari 1983 katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, pale Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipounganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, vyombo vya makampuni mawili yaliyokuwa yakigombania soko moja, na kimoja kikaweza kukipiga kingine. Misingi yake imebaki ileile. Kila noti ina namba kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya kidole hupimwa kwa namba hizohizo. Ndiyo maana kibodi iliyotengenezwa miaka 20 iliyopita bado inaelewana na programu za leo.

Jambo hili likieleweka, nusu ya maswali ya mnunuzi huondoka. Hakuna kibodi ya MIDI yenye sauti nzuri wala yenye sauti mbaya. Kinachonunuliwa ni vibonyezo, wepesi wake wa kuhisi kidole, na uimara wa mwili wake. Kwa mtu wa Kilwa Masoko uimara ni suala zito kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Maduka yenye aina nyingi za vyombo vya muziki yako Kariakoo, kilomita 300 hivi kutoka Masoko, na njia ya kurudisha bidhaa mbovu ni hiyo hiyo moja. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Chombo kinachopelekwa Masoko kinapaswa kuchaguliwa kana kwamba hakitarudi dukani.

Kabla ya kibodi kuna kompyuta, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu. Kijana hubonyeza, sauti ikachelewa, naye akaamini kibodi ni mbovu, akaiuza na kununua ya bei kubwa, na ucheleweshaji ukabaki palepale. Taarifa ya MIDI husafiri kwa muda mfupi mno ambao sikio haliutambui. Anayechelewesha ni kompyuta, ambayo hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuitoa. Ukubwa wa fungu hilo, unaoitwa bafa, huwekwa kwenye mipangilio ya programu. Katika sauti ya hezi 44,100, bafa ya sampuli 128 huchelewesha kwa milisekunde 3 hivi, ya 256 kwa karibu 6, ya 512 kwa karibu 12, na ya 1,024 kwa 23. Vidole vingi huanza kulalamika baada ya milisekunde 10. Kwenye Windows, dawa ya kwanza ni draiva ya ASIO. Programu ya FL Studio huja na yake, na ASIO4ALL hupatikana bure. Kwenye Mac draiva inayofaa imo tayari. Laptop yenye RAM ya GB 4 iliyojaa programu nyingine italazimisha bafa kubwa hata kama kibodi ni ya gharama kiasi gani. Mwenye laptop ya namna hiyo atapata faida zaidi akiiongezea RAM kwanza, kisha akanunua kibodi ndogo kwa fedha iliyobaki.

Singeli inaonyesha uzito wa jambo hili vizuri kuliko muziki mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Muziki huo, uliopikwa katika studio za mitaani Dar es Salaam na kusikika nje ya nchi kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, huenda kwa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na wakati mwingine hukaribia 300. Kwa kasi ya 240, pigo moja huchukua milisekunde 250, na robo ya pigo ni milisekunde 62 na ushei. Bafa ya 1,024 humeza zaidi ya theluthi ya robo hiyo, na hakuna mpigaji anayeweza kukaa kwenye mapigo akiwa na pengo la namna hiyo. Njia nyepesi ni kushusha kasi ya programu hadi nusu wakati wa kurekodi, kupiga kwa utulivu, kisha kuirudisha kasi. Kwa kuwa kinachohifadhiwa ni maagizo ya vidole tu, sauti haipandi wala haibadiliki rangi kasi inaporudishwa. Atakayetengeneza singeli kwa njia hii hahitaji kibodi ya mpiga piano.

Swali linalofuata halihitaji fedha: je, kuna kinanda mtaani kinachoweza kufanya kazi hii tayari? Vinanda vya Yamaha vya jamii ya PSR vimeenea makanisani, mashuleni na kwenye vikundi vya taarabu, na baadhi yake ni kibodi kamili za MIDI bila wenyewe kujua. Kiangaliwe nyuma. Kama kuna tundu la USB lililoandikwa TO HOST, waya wa kawaida wa printa unatosha kukiunganisha na laptop. PSR-E373 na ndugu zake wa ngazi hiyo wanalo tundu hilo, wana vibonyezo 61 vya ukubwa kamili vinavyohisi nguvu ya kidole, na hutumia hata betri ndogo 6 umeme ukikatika. PSR-F51 na PSR-E273 zinafanana nazo kwa sura lakini hazina tundu hilo, na vibonyezo vyake havitofautishi kidole kizito na chepesi, hivyo hazifai kwa kazi hii. Vinanda vya zamani zaidi vina matundu ya duara yenye pini 5. Hivyo huhitaji waya maalumu wa kugeuza MIDI kuwa USB, na kichwa cha waya kilichoandikwa IN ndicho kinachoingia kwenye tundu la kinanda lililoandikwa OUT. Watu wengi wameutupa waya mzima kwa kuuchomeka kinyume. Mwenye nafasi ya kuazima kinanda cha namna hii kwa miezi michache atajifunza anachokihitaji kabla ya kutoa senti.

Anayenunua mpya hukutana kwanza na idadi ya vibonyezo: 25, 32, 37, 49, 61 au 88. Kibodi zote ndogo zina vitufe vya kupandisha na kushusha oktava, kwa hiyo hata yenye vibonyezo 25 huzifikia noti zote. Inachoshindwa ni kuzifikia kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Mtengeneza biti za Bongo Fleva au singeli anayejenga wimbo kwa tabaka, besi kwanza, kisha kodi, kisha melodi, hatauhisi upungufu huo. Mpiga kinanda wa kwaya atauhisi siku ya kwanza, kwa sababu mkono wa kushoto hushika besi huku wa kulia ukishika sauti za waimbaji. Kwake 61 ndicho kiwango cha chini chenye maana. Vibonyezo 88 vyenye uzito wa piano ni vya mtu anayepiga piano kwelikweli. Chombo hicho huwa na urefu wa mita 1.3 hivi, ni kizito kukipandisha kwenye basi, na chumba kidogo cha kupanga hakikitoshi.

Kuna pia upana wa vibonyezo, ambao matangazo huupitia kimyakimya. Kibodi nyingi za vibonyezo 25 zina vibonyezo vyembamba kuliko vya piano. Vidole vya mtu mzima hujifunza kuvizoea, lakini vikihamia kwenye kinanda cha kanisani au cha bendi hupotea njia. Anayejifunza kupiga anapaswa kutafuta ukubwa kamili hata kama atapunguza idadi. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba nyingi, kibodi ya vibonyezo 49 vya ukubwa kamili ndiyo inayostahili kununuliwa. Inaenea kwenye meza ya kawaida, mikono miwili inakaa, na vidole vinajifunza umbali ulio sahihi.

Kuhisi nguvu ya kidole si anasa. Chini ya kila kibonyezo kuna migusano miwili, na kibodi hupima muda kati ya mgusano wa kwanza na wa pili. Muda mfupi maana yake pigo zito. Kibodi isiyo na uwezo huo hutoa kila noti kwa nguvu moja, na muziki unaotoka humo husikika umekufa hata kama noti zote ni sahihi. Zaidi ya hapo kuna kibodi zinazohisi kidole kinapozidi kukandamiza baada ya kibonyezo kufika chini. Uwezo huo unapendeza kwenye sauti za fidla na filimbi, ila huongeza bei, na anayeanza anaweza kuishi bila huo. Tundu la pedali lisikosekane. Pedali yenyewe inaweza kununuliwa baadaye, lakini tundu haliongezwi.

Muziki wa pwani una dai moja ambalo vitabu vingi vya ushauri kutoka ng'ambo havilitaji. Taarabu ya asili ilichota kwa Wamisri, na ndani yake zimo maqamu, yaani mipangilio ya noti, zinazotumia robo toni. Bayati, ambayo wasomaji wa Kurani na waimbaji wa kaswida wa Kilwa, Lindi na Zanzibar wanaijua kwa sikio, ikianzia D huitaka noti ya E ishuke robo toni, na noti hiyo haipo kwenye kibonyezo chochote cheupe wala cheusi. Taarabu ya kisasa ya vikundi kama East African Melody na Jahazi iliegemea vinanda vya umeme, na sehemu kubwa ya noti hizo za katikati ikaachiwa koo la mwimbaji. Mtengeneza muziki wa nyumbani anaweza kuzirudisha. Njia ya kwanza ni gurudumu la kupinda sauti lililo kushoto mwa vibonyezo. Kwa kawaida hupandisha au kushusha sauti kwa toni moja, hivyo robo toni ni robo ya safari yake. Gurudumu hupinda noti zote zinazolia kwa wakati huo, kwa hiyo linafaa melodi ya noti mojamoja tu. Njia ya pili ni bora: kupanga noti ndani ya programu yenyewe. Surge XT, sinthesaiza ya bure, hupokea mafaili ya mipangilio ya noti, na bayati ikishapangwa humo kibodi yoyote huipiga. Kwa anayelenga taarabu na kaswida, basi, magurudumu halisi ya kupinda na kutikisa sauti yana thamani kuliko kijiti kimoja kidogo cha kusukuma kilicho kwenye kibodi nyingi za vibonyezo 25, kwa sababu kijiti hakitulii vizuri katikati ya safari.

Padi za mpira za kupigia ngoma ni nyongeza nzuri pale tu zinapokuwa na hisia. Mpangilio wa padi 16, nne kwa nne, ulienea kutokana na mashine ya Akai MPC60 ya mwaka 1988, na kibodi nyingi leo huwa na 8 kati ya hizo. Katika kupiga dufu au ngoma za mkono, tofauti kati ya pigo la katikati na la ukingoni, na kati ya zito na jepesi, ndiyo inayobeba mchezo mzima. Padi ngumu inayodai kupigwa kwa nguvu ndipo iitike huua mchezo huo, na vibonyezo vya kawaida huwa bora kuliko padi ya aina hiyo. Isitoshe, dufu lililorekodiwa kwa maikrofoni katika chumba chenye mapazia mazito litalishinda dufu la kompyuta. Pwani hii haina uhaba wa wapigaji, na fedha ya padi inaweza kwenda kwenye maikrofoni.

Vishikizo vya kuzungusha na vya kutelezesha husifiwa kupita kiasi. Vinapendeza machoni, lakini mtengeneza muziki wa nyumbani huvitumia mara chache baada ya wiki za kwanza, kwa sababu kazi hiyo hiyo hufanyika kwa kipanya kwa usahihi zaidi. Kibodi mbili za bei moja zikilingana, yenye vishikizo vichache na vibonyezo bora ndiyo ya kuchukua. Vitufe vya kuanza kurekodi na kusimamisha vina faida zaidi, hasa kwa anayejirekodi peke yake.

Uunganishaji wa leo ni rahisi. Kibodi inayotumia draiva ya kawaida ya USB iliyomo ndani ya mfumo wa kompyuta hutambuliwa mara inapochomekwa, na hilo liulizwe kabla ya kulipa, kwa kuwa kibodi za zamani zinazotegemea draiva ya mtengenezaji zinaweza kukataa Windows mpya. Umeme wake hutoka kwenye waya huohuo. Katika mji ambao umeme hukatika jioni ya kazi, hii ni faida kubwa: laptop yenye betri nzima huendelea na kibodi huendelea nayo, kukiwa na hedifoni badala ya spika. Simu za Android zilipata MIDI rasmi kuanzia toleo la 6.0 la mwaka 2015, na waya wa OTG unatosha kuunganisha. Kibodi yenye taa nyingi inaweza kudai umeme kuliko simu inavyoweza kutoa, na hapo huhitajika kigawanyio cha USB chenye chaja yake. Simu nyingi za Android huchelewesha sauti kuliko laptop, hivyo zinafaa kwa kubuni melodi kuliko kwa kumalizia wimbo.

Kwa majina, Akai MPK Mini imekuwa chaguo la wengi wanaoanza: vibonyezo 25 vyembamba, padi 8, vishikizo 8, na katika matoleo mengi kijiti badala ya magurudumu. Ni nzuri kwa biti na kwa mtu anayesafiri. Arturia MiniLab 3 inashindana nayo moja kwa moja. M-Audio Keystation 49 haina padi wala mapambo. Ina vibonyezo 49 vya ukubwa kamili, magurudumu mawili na tundu la pedali, na kwa mahitaji yaliyoelezwa hapa ndiyo inayokaribia zaidi. Launchkey ya Novation imetengenezwa kwa kuilenga Ableton Live, na atakayetumia programu hiyo atafaidi vitufe vyake vyote. Korg microKEY hupatikana hadi vibonyezo 61, lakini ni vyembamba.

Programu inayokuja na kibodi ihesabiwe ndani ya bei. Baadhi ya kibodi huja na leseni ya Ableton Live Lite na sauti nyingine, zinazochukuliwa kwa kusajili namba ya chombo. Kwenye kibodi iliyotumika, mmiliki wa kwanza huwa ameshaisajili, kwa hiyo muuzaji asiruhusiwe kuipandishia bei kwa leseni ambayo haipo tena. FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, hutoa toleo la majaribio lisilo na kikomo cha muda, ila kazi iliyohifadhiwa humo haifunguki tena mpaka leseni inunuliwe. Reaper huuzwa dola 60 kwa mtu binafsi, na LMMS ni bure kabisa. Programu za wizi zinazogawanywa kwa flashi huleta virusi ambavyo vimewafutia watu kazi za miaka, na anayetaka nyimbo zake ziheshimiwe na kulindwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, afanye vivyo hivyo kwa kazi za wengine.

Kibodi ijaribiwe dukani kabla ya kulipwa. Asiyeweza kusafiri amtume mtu anayeelewa, aende na laptop au simu yenye waya wa OTG. Kila kibonyezo kipigwe polepole kisha kwa nguvu, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, huku programu ya bure, kama MIDI-OX kwenye laptop ya Windows, ikionyesha namba. Kibonyezo kinachotoa 127 hata kikiguswa kidogo, au kinachopiga mara mbili kwa mguso mmoja, kina mgusano mbovu. Gurudumu la kupinda likiachiwa lirudi katikati kamili. Waya utikiswe taratibu kwenye tundu: kibodi ikizimika, tundu limelegea. Tundu pana la mraba, kama la printa, huvumilia miaka mingi, na fundi wa redio anaweza kulichomelea upya kwa risasi, jambo ambalo ni gumu kwenye matundu madogo. Risiti yenye namba ya chombo ichukuliwe, na mzigo ufungwe kwenye boksi lake la awali kabla ya kupakiwa kwenye basi. Vibonyezo huvunjika kwa uzito wa mizigo mingine, wala si kwa mashimo ya barabara.

Baada ya hapo adui ni chumvi. Masoko imekaa kwenye rasi, na upepo wa kusi hupeleka unyevu wa bahari hadi ndani ya vyumba. Migusano ya kaboni iliyo chini ya vibonyezo hupata utando, na dalili ya kwanza ni ileile ya noti kutoka kwa nguvu zote au kutotoka kabisa. Kibodi isiachwe wazi dirishani. Fundi cherehani anaweza kushona mfuko wa kitambaa kizito kwa fedha kidogo, na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu viwekwe humo. Kitambaa cha kufutia kiwe kikavu. Sabuni na maji visikaribie, na mafuta ya kulainishia vyuma yasipulizwe ndani kamwe, kwa kuwa huyeyusha mpira na kukusanya vumbi. Migusano ikishapata utando, fundi huifungua kibodi na kuifuta kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, kisha huiacha ikauke kabisa kabla ya kuifunga. Kazi hiyo haihitaji kipuri chochote, na mara nyingi huirudisha kibodi inayodhaniwa imekufa.